Mashine Yenye Kofia ya Ndoo

Siku afisa wa uangalizi alipoteremka pwani ya Kilongwe kuja kumwuliza Mfaume Kibwana habari za kijana aliyemwibia, Mfaume alikuwa amechuchumaa katikati ya matenga ya kaa, na jibu alikuwa nalo kabla ya swali. Alikuwa amelipika kifuani tangu Ijumaa ile alipotoka msikitini akaikuta boti yake imefungwa vizuri pale pale alipoiacha, ila nyuma yake patupu. Mashine haipo. Na katika kisiwa cha Kilongwe, ambako mgonjwa, mchele, mwalimu mpya na maiti wote hupita majini, kumwibia mtu mashine ya boti ni kumkata miguu.

Afisa huyo aliitwa Warda, mzaliwa wa Umwe, binti mrefu mwenye miwani, aliyekunja pindo la baibui lake ili lisiburure topeni. Alimwamkia shikamoo, Mfaume akaitikia bila kuinua uso, vidole vyake vikiendelea kuzungusha ukindu kwenye magando ya kaa. Binti akaeleza alichojia. Mahakama kule Kibiti ilikwisha kumtia Gharibu hatiani. Lakini kabla ya kutamka adhabu, hakimu alitaka kujua kijana huyu ni nani, amelelewaje, na wale aliowakosea wanasemaje. Kazi ya kuyatafuta hayo ilikuwa yake.

"Andika miaka mitano," alisema Mfaume. "Sheria ikiruhusu saba, andika saba."

Warda hakuandika. Aliitazama ndoo iliyofudikizwa mchangani, akaomba ruhusa, akaikalia.

Gharibu alikuwa na miaka kumi na tisa, na hii ilikuwa mara yake ya tatu kusimama kizimbani. Mara ya kwanza aliiba kuku wa mwalimu, akaonywa, akarudishwa kwa mama yake. Mara ya pili aliiba nyavu na simu, akafungwa miezi sita. Alitoka, akakaa kijijini kwa muda mfupi kama mgeni asiyejua alale upande gani, kisha ikaja Ijumaa ile. Mashine ilipatikana Bungu, kando ya barabara kuu, chini ya turubai la mnunuzi wa vyuma chakavu, imekwisha kuvuliwa kifuniko chake cha juu. Kifuniko hakikupatikana. Mfaume aliikata ndoo ya buluu, akaivika mashine yake kama kofia, na tangu siku hiyo watu wa delta nzima waliijua boti yake kutoka mbali, wakawa wanamwuliza kama mashine yake imetoka kuhiji au ndiyo kwanza inakwenda.

Lakini kilichomwuma Mfaume hakikuwa kifuniko. Alipoulizwa na polisi, Gharibu alijibu kwamba yeye hakuiba, kwa kuwa mwenye mashine ni mtani wake.

Na hilo la utani lilikuwa kweli. Ukoo wa Mfaume na ukoo wa Fatu, mama yake Gharibu, zilitaniana tangu enzi za mababu. Mtani aliweza kuingia uani kwako, akamkamata kuku wako, akamtia kwapani. Nawe ukacheka, ukamtukana, ukamkomboa kuku wako kwa nazi mbili au kwa maneno matamu. Msibani ndiye aliyechimba kaburi, na kilio kilipokuwa kizito kuliko vifua vya watu, ndiye aliyenyakua kiti cha mfiwa au sufuria ya wali akazunguka nayo, mpaka wafiwa wakakumbuka kwamba bado wana meno. Watoto wa Kilongwe waliijua kanuni yake kabla ya kujua kuhesabu: mtani huchukua mbele ya macho ya mwenyewe. Anayengoja wanaume wote wainamishe vipaji vya nyuso zao kwenye mikeka ya msikiti, huyo hana utani na mtu. Askari walipolisikia jibu la Gharibu walicheka. Mfaume hakucheka, na aliona kana kwamba mtu amechota maji ya kisima cha babu yake akayatumia kuoshea matope.

"Nani huyo anayeuliza habari za mtani wangu?" Sauti ilitoka ndani, kavu na yenye amri. "Mlete nimwone. Huyo mwanangu usipoteze naye wakati, ana roho ya kaa. Akishika haachii mpaka ukate gando."

Alikuwa mama yake, Bi Mwanamina, ambaye miguu ilimsaliti miaka mingi lakini ulimi ukabaki naye. Warda aliingia, akapiga goti kando ya kitanda cha kamba, na Mfaume alimfuata akasimama mlangoni kama mwenye kesi. Bi kizee alimtazama mgeni, akamwuliza kama ameolewa, akajijibu mwenyewe kwamba bado, kwa kuwa mwenye mume asingezurura kwenye matope ya watu. Kisha akageukia lililomkera.

"Mume wangu alizikwa na babu yake Gharibu. Mwanangu wa kwanza alizikwa na Sufiani, mjomba wake Gharibu. Sufiani naye ametangulia mwaka jana. Nyumba ile imebakiwa na mwanamume mmoja, nanyi mnataka kumfungia miaka mitano. Mimi miaka mitano sina, mjukuu wangu. Nizikwe na nani? Na mtendaji wa kijiji?"

Warda alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Mfaume alisema, kwa ukali aliojutia papo hapo, kwamba utani wa nyumba zile mbili umekwisha, ameumaliza Gharibu mwenyewe.

"Utani haumalizwi na mtoto," alijibu mama yake. "Kama ungekuwa unamalizwa na watoto, wewe ungekwisha kuumaliza zamani."

Warda hakuhubiri wala kushawishi. Aliuliza mambo machache ya kawaida, akayasikiliza majibu. Alipokuwa anapanda boti kuondoka ndipo aligeuka na kumwuliza Mfaume swali moja, kwa upole, kama anayeuliza njia. Kabla ya kwenda gerezani, Gharibu alikuwa anamjua mtu wa Bungu anayenunua mashine za wizi?

Mfaume alilijua jibu. Kijana yule kabla ya kifungo hakuwahi kupita bandari ya Nyamisati ila kwa kupelekwa mahakamani. Alikuwa anaiba kuku, na kuku mwenyewe alimla.

Swali hilo lilimkaa kama mwiba wa mkindu chini ya unyayo: hauonekani, ila kila hatua unaujua ulipo.

Siku ya hukumu Mfaume alivuka kwenda Nyamisati, akapanda bodaboda hadi barabara kuu, akafika Kibiti shati lake jeupe likiwa limegeuka rangi ya vumbi. Njia nzima alikuwa akiyarudia maneno yake. Lakini mwendesha mashtaka alisimama kwanza, akayasema yote kwa niaba yake, tena kwa ufasaha: mshtakiwa alionywa, hakusikia, alifungwa, hakukoma, huruma ya mahakama ilikwisha kutumika. Mfaume alishangaa kuyaona maneno yake mwenyewe yakiwa katika kinywa cha mtu mwingine. Hayakuwa na utamu aliouzoea.

Gharibu alikuwa kizimbani, amevaa shati la marehemu mjomba wake, mabega ya shati yakiwa yameanguka hadi karibu na viwiko. Fatu alikaa benchi la mwisho, amejikunyata ndani ya khanga, hatazami mbele. Warda alisimama na kusoma taarifa yake. Alieleza kwamba baba wa kijana alizama majini mwanawe akiwa mdogo, kwamba hakuwahi kufundishwa kazi na mtu, na kwamba kazi aliyofundishwa alifundishwa ndani ya kuta za gereza na watu wazima waliomzidi kila kitu. Aliomba apewe kifungo cha nje chini ya uangalizi. Hakuahidi muujiza. Alisema wazi kwamba anaweza kuwa amekosea, na kwamba akikosea atakuwa wa kwanza kurudi kuieleza mahakama.

Hakimu, mwanamama mwenye sauti ya chini, aliuliza kama mlalamikaji ana neno.

Mfaume alisimama. Yale aliyoyakariri njia nzima yalimponyoka.

"Mheshimiwa, sijamsamehe," alisema. "Lakini mimi kazi yangu ni kaa. Kaa akitoka topeni unamfunga magando, usipomfunga atakukata kidole. Ila ukimfunga na miguu, ukamnyima na unyevu, anafika sokoni ameoza na hamfai mtu. Huyu mfungeni magando."

Watu walicheka kidogo. Hakimu hakucheka, aliandika kwa muda mrefu, kisha akatoa amri. Kifungo cha nje miaka miwili chini ya uangalizi wa afisa. Gharibu ataishi kwa mama yake, hatatoka delta bila idhini, atafanya kazi na kamati ya kijiji ya kupanda mikoko, na kila mwezi ataonana na afisa wake. Na siku atakapopatikana na kosa lolote, hata akigusa sindano ya mtu bila ridhaa yake, atarudishwa pale pale aadhibiwe kwa wizi wa mashine kana kwamba siku ya leo haikuwahi kuwapo.

"Umenielewa?" aliuliza hakimu.

Gharibu aliitikia kwa kichwa, akaambiwa aitikie kwa mdomo, akasema ameelewa.

Nje ya mahakama Fatu alimfuata Mfaume, akataka kumshika mikono, akashindwa, akabaki anaishika ncha ya khanga yake. Mfaume alimwambia asimshukuru. Alikuwa amesema kweli pale ndani: hakuwa amesamehe.

Basi kijana akarudi kisiwani, na kisiwa kikamwonyesha kwamba kuna kifungo kisichohitaji ukuta. Alipopita, wanawake waliita watoto na kuanua nguo. Sokoni watu walisogeza simu zao kutoka mfuko huu hadi ule. Harusini na katika ngoma za unyago, watani walipochukuliana kofia na viatu kwa vicheko, yeye alisimama pembeni mikono nyuma, maana mtu akiitwa mwizi, akichukua hata kijiti cha meno hakuna atakayecheka. Kila maji yalipokupwa alionekana kwa mbali akiwa magotini topeni, akichomeka miche ya mikoko mahali ambapo wakataji wa boriti waliacha visiki vitupu. Na kila Ijumaa kabla ya sala, Mfaume aliing'oa mashine yake kwenye boti, akaipandisha begani, akaifungia nyumbani kwa kufuli, akaingia msikitini bega likinuka petroli.

Kulitokea mwezi ambao Gharibu hakufika kuonana na afisa. Ilisemekana ameonekana Bungu, na wengi walipumua kama watu waliosubiri habari hiyo kwa hamu. Warda hakwenda kwanza mahakamani, alikwenda Bungu. Alimkuta kwenye banda la chipsi pamoja na vijana wawili waliofungwa naye, akaketi karibu yao, akaagiza chai, akainywa polepole hadi mwisho. Vijana wale walimtania, wakamwita dada wa serikali, wakamwuliza kama leo anakamata wangapi. Akawajibu kwamba boti ina nafasi, kama na wao wanataka kuja kupanda mikoko. Kisha akamwuliza Gharibu jambo moja tu: ile miche ya mkandaa aliyoipanda karibu na mlango wa kijito, imeshika au imekufa?

Gharibu hakujua. Baadaye alikuja kumwambia Bi Mwanamina kwamba angeulizwa juu ya gereza angekuwa na jibu la kijeuri. Lakini lile la miche lilimtia haya. Aliinuka akarudi naye kwenda kuitazama. Warda alilieleza kosa lile kwa hakimu bila kuficha, kijana akapewa onyo kali mbele ya mama yake, na hakuondoka tena.

Alikuwa na sababu ya kumwambia Bi Mwanamina mambo yake, kwa kuwa bi kizee ndiye pekee aliyemtaka nyumbani kwake. Alimwamuru awe anakuja kumchotea maji na kumpasulia kuni, na kila alipokuja alimpokea kwa sauti iliyosikika hadi kwa jirani:

"Mtani, leo umekuja kuiba nini?"

Neno hilo wengine walilinong'ona. Yeye alilitupa uani mchana kweupe. Siku za mwanzo Gharibu aliinamisha kichwa, akafanya kazi yake, akaondoka. Bi Mwanamina hakukoma. Alimwuliza tena na tena, wiki baada ya wiki, kama mtu anayegonga mlango akijua kuna mtu ndani. Mpaka asubuhi moja kijana akatua ndoo, akajifuta jasho, akasema:

"Nimekuja kuiba meno yako, Bi. Lakini naona mwenzangu amenitangulia."

Bi Mwanamina, ambaye kinywani alibakiwa na jino moja tu, alicheka mpaka akaomba maji. Mfaume alikuwa nje ya dirisha akishona tenga. Aliuma mdomo wake wa chini kwa nguvu, kwa sababu hakutaka kusikiwa.

Siku hizo bi kizee alianza kumdai kijana ahadi. Alimwambia kwamba akifa hataki msiba wa watu walionuna kama wamemeza chokaa. Mwanawe Mfaume hajui kulia. Alipofiwa na baba yake alikaa kama gogo, chakula hakipandi wala hakishuki, mpaka Sufiani alipomnyang'anya kofia akaenda kumvika mbuzi. "Sasa Sufiani hayupo," alisema. "Kazi hiyo ni yako." Gharibu akamjibu kwamba yeye hawezi kugusa kofia ya mtu, akigusa atafungwa. Bi Mwanamina akasema kwamba hilo analijua, na ndiyo sababu anamwomba yeye.

Alifariki asubuhi moja ya mwezi wa Shaabani, baada ya kunywa uji nusu kikombe na kulalamika kwamba hauna sukari.

Wageni walikuja kwa boti kutoka kila upande wa delta, na wengine walitoka bara, Kibiti na hata Ngarambe. Warda naye alikuja kutoa pole. Gharibu ndiye aliyechimba kaburi. Kilongwe ukichimba kidogo tu unakutana na maji, na yeye alibaki ndani ya shimo akiyachota kwa kopo mpaka dakika ya mwisho, ili marehemu asilazwe kwenye tope. Walipomaliza kuzika, watu walirudi wakaketi mikekani. Wali ulipakuliwa. Hakuna aliyetania. Watani wengine walijaribu kukohoa maneno mawili matatu yakafia hewani, maana kila mmoja aliona kwamba zamu haikuwa yake, na mwenye zamu hakuna aliyethubutu kumtazama.

Mfaume alikaa kama gogo. Sahani ilikuwa mbele yake na inzi waliifaidi. Hakulia tangu asubuhi. Alihisi kitu kigumu kimekwama katikati ya kifua, hakipandi wala hakishuki, na masikioni alimsikia mama yake akisema hivyo hivyo.

Ndipo watu wa upande wa pwani walipogeuka vichwa.

Gharibu alikuwa anakuja kutoka bandarini. Begani amebeba mashine, na juu ya mashine, buluu kama anga la kiangazi, ilikuwapo ile kofia ya ndoo. Hakuzunguka nyuma ya nyumba. Alipita katikati ya mikeka, polepole, miguu yake ya matope ikiacha alama kati ya sahani za watu, mpaka akasimama mbele ya Mfaume na kumtazama machoni.

"Nimechukua," alisema.

Upande wa wanawake Fatu alijiziba mdomo kwa khanga. Mohamedi, binamu yake Mfaume, aliyekuwa mgambo kule Kibiti, aliruka akamkamata kijana ukosi wa shati. Alisema kwamba sasa imezidi, mpaka msibani, na mashine ile ile. Akageuka huku na huku kutafuta nani ana kamba. Warda alikuwa amesimama. Mfaume aliuona mkono wake ukiikamata ncha ya mtandio, na alielewa kwamba hapo binti yule hakuwa na uwezo wa kumwokoa kijana. Kama mwenye mali atasema ameibiwa, basi ameibiwa. Na Gharibu atapanda boti ya jioni na hatarudi mpaka ujana wake uwe umekwisha.

Neno lilikuwa moja, na lilikuwa mdomoni mwa Mfaume. Alikuwa amelitunza muda wote ule.

Alimtazama kijana. Jasho lilikuwa likimtiririka kutoka kwenye nywele, lakini macho hayakushuka. Angeweza kuchukua sufuria. Angeweza kuchukua kiti, au kandambili, na watu wangemwonea huruma na kutabasamu kidogo kwa ajili ya marehemu. Lakini alikwenda kukichukua kile kile alichokiiba, akakileta mchana, mbele ya macho ya kisiwa kizima na ya mwenyewe, akamkabidhi na kifungo chake pia, kama mtu anayekuwekea mtoto mapajani. Ni kana kwamba alikuwa amerudi kwenye Ijumaa ile kuifanya upya.

"Mwizi," alisema Mfaume.

Fatu aliinuka nusu.

"Mwizi gani huyu, jamani? Anabeba mashine, tangi la mafuta analiacha botini. Utaiendesha kwa mate, mtani?"

Mwanzoni hakuna aliyeamini masikio yake. Kisha mwanamke mmoja upande wa wanawake alipasuka kwa kicheko, wa pili akafuata, na kicheko kikapita kwenye mikeka kama moto kwenye makuti. Mohamedi aliuachia ukosi, akabaki anautazama mkono wake. Shehe alijishughulisha na tasbihi yake, lakini mabega yalimsaliti.

Gharibu aliiweka sawa mashine begani.

"Tangi nitalirudia," alisema. "Hii naizuia mpaka niletewe jogoo. Na asiwe mkavu kama mwenye nyumba."

"Jogoo? Kwa mashine yenye kofia ya ndoo? Chukua kifaranga uende zako."

"Marehemu alinichagulia jogoo mwenyewe. Yule mwekundu, anayewika kabla ya wakati kama wewe."

Mfaume alicheka. Alicheka kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, na ndani ya kicheko hicho kile kitu kigumu kifuani kililegea, machozi yakamtoka, akainama juu ya mkeka akalia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni na kuonwa. Gharibu aliitua mashine taratibu, akaketi kando yake begani kwa bega, akaivuta ile sahani ya wali, akatia tonge la kwanza katika mkono wa mfiwa. Mfaume alikula.

Jioni, jogoo mwekundu akiwa amekwisha kutolewa na kupokewa mbele ya mashahidi, Mfaume alimsindikiza Warda hadi botini. Binti alikuwa ameivua miwani na kuifuta mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Alisema kwamba amebakiza miezi kadhaa ya kumwangalia kijana, na kwamba kazi ya namna hii haina siku ambayo mtu anaweza kusema imekwisha. Mfaume alikubali. Kisha akasema:

"Ahsante, mwanangu."

"Kwa lipi, baba? Leo sikufanya kitu."

"Siku ile nilikwambia uandike miaka mitano, nawe ukakalia ndoo."

Warda alicheka, akapanda boti.

Ijumaa iliyofuata Mfaume aliamka na kazi nyingi, kwa kuwa matenga yalikuwa yamelundikana wakati wa msiba. Alifunga kaa, akawanyunyizia maji, akasikia adhana, akatawadha haraka, akawahi safu ya pili. Alimwombea mama yake, akamwombea baba yake na marehemu Sufiani, na bila kukusudia akajikuta amemwombea na yule binti wa Umwe apate mume mwenye moyo mpana wa kumwacha azurure kwenye matope ya watu. Hakuharakisha salamu ya mwisho. Alitoka, akatafuta kandambili zake, akavaa moja; na hapo, akiwa amesimama kwa mguu mmoja, akagundua kwamba bega lake halinuki petroli.

Alitazama pwani. Boti ilikuwa mahali pake, maji yakijaa chini yake, na nyuma yake ile kofia ya buluu ikiitikia mawimbi madogo kwa kuinama na kuinuka. Mashine alikuwa ameisahau pale tangu asubuhi. Ndani ya sala nzima hakuikumbuka hata mara moja.

"Alhamdulillahi," alisema kwa sauti ndogo.

Gharibu, aliyekuwa akitoka nyuma yake, alimwuliza kulikoni, mbona amesimama kama korongo.

"Naangalia kama viatu vyangu vyote vipo," alisema Mfaume. "Si unajua mtani wangu yuko msikitini."

Akavaa kandambili ya pili, nao wakateremka pamoja kuelekea kwenye boti, kwa kuwa maji yalikuwa yamejaa na kaa hawakuwa wa kungoja.